Jina au Nyumbani: Maneno Yanayofungua Tendi za Homer

Neno la kwanza la Iliadi, utendi wa Kigiriki cha kale juu ya vita vya Troy, ni mēnis. Wengi hulitafsiri "hasira", na msomaji anaanza kupotea kabla hajafika mstari wa pili. Kigiriki cha kale kina maneno mengine ya hasira ya kawaida, ile inayompanda mtu asubuhi na kumshuka jioni. Mēnis ni nzito kuliko hiyo. Katika Iliadi ni ya miungu, na miongoni mwa wanadamu ni Achilles peke yake, shujaa mkuu wa Wagiriki, anayepewa. Sisi tunalo neno lake wala hatuhitaji kulitafuta mbali: ghadhabu. Ukisoma "Imba, ewe mungu wa kike, ghadhabu ya Achilles", unajua tangu mwanzo kwamba hapa pana binadamu mwenye hasira ya kiasi kisichomstahili binadamu, na kwamba watu wengi watakufa kwa sababu yake.

Anayezifungua tendi mbili za Homer, Iliadi na Odisea, kwa mara ya kwanza hulalamikia majina. Ni mengi kweli. Lakini kwa maoni yangu si majina yanayomshinda. Yanayomshinda ni maneno machache ambayo Homer hayaelezi, kwa sababu wasikilizaji wake waliyajua tangu utotoni. Ukishayapata hayo, majina yanajipanga yenyewe.

Iliadi ina mistari 15,693 iliyogawanywa katika vitabu 24, na bado haisimulii vita vyote vya Wagiriki dhidi ya mji wa Troy. Inashika siku hamsini hivi za mwaka wa 10 wa vita hivyo. Farasi wa mbao, ambamo Wagiriki walijificha ili waingie mjini, hayumo. Achilles hafi. Mji hauanguki. Kinachosimuliwa ni ugomvi na matokeo yake. Wagiriki wamemteka binti wa Chryses, kuhani wa mungu Apollo, na binti huyo ameangukia kwa Agamemnon, mkuu wa jeshi. Baba anakuja na fidia kumkomboa mwanawe. Agamemnon anamfukuza kwa maneno makali. Apollo anashusha tauni kambini kwa siku tisa. Achilles anaitisha mkutano, binti anarudishwa, na Agamemnon, asiyekubali kubaki mikono mitupu mbele ya watu anaowaongoza, anamchukua Briseis, mateka aliyekuwa amepewa Achilles. Achilles anajitenga penye merikebu zake na hatoki tena kupigana.

Ukisoma haraka utaona wanaume wawili wakigombania mwanamke. Wao wenyewe wangesema wanagombania timē. Neno hili kwa kawaida huitwa "heshima", lakini katika Kigiriki hilohilo lina maana ya bei au thamani. Ni heshima inayoonekana na kuhesabika: ng'ombe, vyungu vya shaba, dhahabu, kiti cha mbele karamuni, pande nono la nyama. Jeshi likishateka mji hugawana ngawira, na sehemu ya pekee anayotengewa shujaa huitwa geras. Kumnyang'anya mtu geras yake ni kumtangazia mbele ya watu wote kwamba thamani yake imeshuka. Ndiyo maana Agamemnon anapotaka suluhu, katika kitabu cha 9, anatuma orodha: talanta 10 za dhahabu, vyungu 20, farasi 12, wanawake saba wa Lesbos, Briseis mwenyewe, na baadaye binti yake wa kumzaa pamoja na miji saba. Kwa hesabu za dunia yao deni limelipwa na kupita. Achilles anakataa. Kuanzia hapo tunajua kwamba kilichomuuma kimetoka nje ya hesabu hizo.

Na Briseis? Mumewe aliuawa na Achilles, na kaka zake watatu waliangamia siku zilezile. Anasema mara moja tu katika utendi mzima, kitabu cha 19, akiulilia mwili wa Patroclus, rafiki wa Achilles, kwa sababu alikuwa mpole kwake siku zote. Wanawake wengine mateka wanalia pamoja naye, na mtunzi anatuambia kwamba wanamlilia Patroclus kwa kisingizio tu, kila mmoja analilia yake. Mtunzi aliyeweza kuuandika mstari huo aliona vizuri kabisa heshima ya mashujaa inawagharimu akina nani.

Sasa majina. Jina Briseis maana yake ni binti Briseus tu, na Chryseis ni binti Chryses. Wanaume nao huitwa kwa baba zao: Pelides ni mwana wa Peleus, yaani Achilles, Atrides ni mwana wa Atreus, na hapo lazima uangalie, maana Atreus ana wana wawili, Agamemnon na Menelaus. Msomaji aliyezoea "bin" na "binti" hatasumbuka. Wagiriki wenyewe hawaitwi Wagiriki wala Wahelene. Homer huwaita Waakea, Waargo au Wadanao, na ni watu walewale. Troy ndiyo Ilios, ambako jina Iliadi limetoka. Paris, mwana wa mfalme wa Troy, aliyemchukua Helen, mke wa Menelaus, na kuleta vita, huitwa pia Alexandros. Ajax wapo wawili: yule mkubwa mwana wa Telamon, anayebeba ngao kama ukuta, na mdogo wa Locris, mwepesi wa mbio. Ukiyajua hayo umemaliza nusu ya kazi.

Neno ambalo ningemwomba kila msomaji alishike kabla ya mengine yote ni kleos. Vitabu huandika "utukufu" au "sifa". Asili yake ni kitenzi cha kusikia. Kleos ni kile kinachosikika juu yako, na Kiswahili kina njia nzuri ya kulisema: jina linavuma. Tena katika mzizi huohuo wa kuvuma tumepata mvumo na uvumi, kitu chenye sifa na kitu kisicho na hakika, na kleos inabeba pande zote mbili. Katika kitabu cha 2, mwimbaji anapotaka kuorodhesha merikebu zote zilizokwenda Troy, anawaita Mamusa, mabinti wa Zeus, mkuu wa miungu, wanaolinda nyimbo, akiwaambia kwamba wao wako kila mahali na wanajua kila kitu, ilhali sisi tunasikia kleos tu, hatujui lolote. Hapo neno lina maana ya uvumi. Vitabu saba baadaye, neno hilohilo linakuwa kitu ambacho mtu anaweza kukinunua kwa uhai wake.

Ni pale Achilles anapowajibu wajumbe wa Agamemnon. Mama yake, Thetis, mungu wa baharini, amemwambia kwamba ana njia mbili za kufikia mwisho wake. Akibaki Troy na kupigana, nostos yake imepotea lakini kleos yake haitakufa. Akirudi nyumbani, kleos imepotea, bali ataishi miaka mingi. Nostos ni kurudi nyumbani: kurudi kutoka vitani, kuvuka bahari, kufika ukiwa hai na kutambuliwa na watu wako. Tendi zote mbili zimekaa ndani ya chaguo hilo. Iliadi ni ya mtu aliyepata jina akakosa nyumbani. Odisea ni ya Odysseus, Mgiriki mwenzake aliyetaka nyumbani, na jina lake likavuma kwa safari ya kurudi huko.

Odisea ina mistari zaidi ya 12,000, na kila ukurasa unauliza swali la nostos. Agamemnon alifika kwake na kuuawa na Aegisthus, hawara wa mkewe Clytemnestra. Habari hiyo inarudiwa mara nyingi ili tuogope kwa niaba ya Odysseus. Odysseus mwenyewe anatumia miaka kumi njiani, saba kati yake kwenye kisiwa cha Calypso, mungu wa kike anayemtaka awe mumewe na kumwahidi asife wala asizeeke. Jina Calypso linatokana na kitenzi cha kufunika. Kukaa kwake ni kufunikwa: huzeeki, lakini hakuna anayekusikia. Odysseus anakiri kwamba mkewe Penelope hamfikii Calypso kwa uzuri, na kwamba ni binadamu atakayekufa. Hata hivyo anataka kwenda kwake. Akakata miti ya kuundia chombo, akaondoka.

Na Achilles, aliyechagua jina, tunakutana naye tena katika Odisea kitabu cha 11, Odysseus anapoziita roho za wafu kwa damu ya kondoo. Odysseus anamwambia usihuzunike, ulikuwa mkuu kati ya walio hai, na sasa ni mkuu kati ya wafu. Achilles anajibu kwamba afadhali awe kibarua juu ya ardhi kwa mtu fukara asiye na riziki nyingi, kuliko kuwa mfalme wa wafu wote. Nimesoma jibu hilo mara nyingi na halijaacha kunishtua. Lakini usiishie hapo kama wengi wanavyoishia. Mara moja baadaye anauliza habari za mwanawe, na akisikia kwamba kijana alipigana vizuri, anaondoka kwa hatua ndefu akiwa na furaha. Bado jina linamfurahisha, hata huko.

Inafaa kusema kitu juu ya kisigino. Kwamba Thetis alimzamisha mwanawe katika mto wa Styx akimshika kisigino, na kwa hiyo Achilles hakudhurika isipokuwa hapo, haimo kwa Homer. Kisa hicho tunakikuta kwa Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 BK. Katika Iliadi, kitabu cha 21, mkuki unamparuza Achilles mkononi na damu nyeusi inachuruzika. Msomaji wa pwani anayemjua Fumo Liyongo, ambaye katika utendi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913 haumizwi na silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni, anaweza kudhani Achilles ni ndugu yake. Huyu wa Homer siye. Anaweza kuumia kama mtu mwingine yeyote, na anajua, na anabaki.

Jambo linalowachosha wasomaji wengi ni marudio. Achilles ni "mwepesi wa miguu" hata akiwa ameketi. Bahari ina "rangi ya mvinyo", Alfajiri ana "vidole vya waridi", Odysseus ni "mwenye hila nyingi". Kwa muda mrefu wasomi walijadili kila kivumishi kana kwamba mtunzi alikipima upya kila mara. Mmarekani mmoja, Milman Parry, akaonyesha mwaka 1928, katika tasnifu zake mjini Paris, kwamba sifa hizi zinakwenda na mizani.

Mizani yao si kama yetu. Katika utenzi tunahesabu silabi, 8 kwa kila kipande, na tunafunga kwa kina. Wagiriki hawakutumia vina. Walipima urefu wa silabi: mstari una mafungu sita, kila fungu ni silabi ndefu ikifuatwa na mbili fupi au na ndefu nyingine, na la mwisho huwa na silabi mbili tu, kwa hiyo mstari mmoja unaweza kuwa na silabi 12 na mwingine 17, na yote miwili ikawa sawa masikioni. Mwimbaji aliyetaka kumtaja Odysseus mwishoni mwa mstari alihitaji maneno ya kujaza nafasi iliyobaki. Nafasi ikiwa ndogo, anasema dios Odysseus, Odysseus mtukufu. Ikiwa kubwa zaidi, polymētis Odysseus, Odysseus mwenye hila nyingi. Ikizidi, polytlas dios Odysseus, mtukufu aliyevumilia mengi. Parry aliona kwamba kwa kila nafasi kulikuwa na sifa yake, na kwa kawaida moja tu. Mtu mmoja peke yake hawezi kubuni mfumo wa namna hiyo. Umejengwa na vizazi vya waimbaji waliotunga papo hapo, mbele ya watu, bila karatasi.

Ili kulithibitisha, Parry alikwenda Yugoslavia kati ya 1933 na 1935, yeye na msaidizi wake Albert Lord, wakiwarekodi waimbaji walio hai. Mmoja wao, Avdo Međedović, asiyejua kusoma wala kuandika, aliwatungia kwa mdomo, kwa siku kadhaa, utendi wa mistari zaidi ya 12,000, karibu sawa na Odisea. Parry alikufa mwaka huohuo wa 1935 akiwa na miaka 33. Lord ndiye aliyeikamilisha kazi.

Kuna tofauti moja hapa inayonigusa. Mwana Kupona, katika utendi wake wa mwaka 1858, anamwita binti yake asogee akae karibu na wino na karatasi. Mtunzi wetu anaanza na vyombo vya kuandikia. Mwimbaji wa Kigiriki, aliyeitwa aoidos, anamwita Musa, na Mamusa ni watoto wa Mnēmosynē, yaani Kumbukumbu. Kila mmoja aliomba alichokihitaji. Waliokuja baadaye, waliokariri tendi zilizokwisha kutulia, waliitwa rhapsōdos, mshona nyimbo. Homer mwenyewe alikuwa nani, na kama alikuwa mmoja au wengi, limekuwa swali kubwa la wasomi tangu Mjerumani Friedrich August Wolf alipolichambua mwaka 1795. Wengi huziweka tendi hizi katika karne ya 8 au ya 7 KK. Mapokeo yalimfanya kipofu, labda kwa sababu Demodocus, mwimbaji anayetokea ndani ya Odisea, ni kipofu.

Sifa za kurudiwa zisitufanye tuone mtunzi kama mashine. Mahali pengine anatoa mfano ambao hakuna kanuni iliyoweza kumpa. Apollo anapoubomoa ukuta ambao Waakea waliujenga kwa jasho, anaubomoa kama mtoto ufukweni anayejenga kwa mchanga, kisha akauvuruga kwa miguu na mikono akicheza. Aliyekulia kando ya bahari ameona hilo mara elfu.

Kuhusu miungu nitakuwa mfupi. Neno la kushika ni moira, nalo asili yake ni fungu, mgao. Kila mtu ana fungu lake, na mwisho wa fungu ni kifo. Je, Zeus anaweza kulibadilisha? Katika kitabu cha 16 anamwona mwanawe Sarpedon karibu kuuawa, anasitasita, na mkewe Hera anamwambia: fanya utakavyo, ila sisi wengine hatutakusifu, na kila mungu naye atataka kumwokoa mwanawe. Zeus anadondosha matone ya damu juu ya ardhi na kumwacha afe. Miungu hii pia husafiri: Odisea inaanza Poseidon, mungu wa bahari anayemchukia Odysseus, akiwa ugenini kwa Waaithiopia, watu wa miisho ya dunia ambao jina lao kwa Kigiriki lina maana ya nyuso zilizoungua na jua, na ni kutokuwepo kwake kunakowapa miungu wengine nafasi ya kumsaidia Odysseus. Hao si raia wa Ethiopia ya leo. Ndivyo Wagiriki walivyowaita watu weusi wa mbali.

Neno la mwisho ni xenia, yaani ukarimu kati ya mgeni na mwenyeji, na hili Mswahili ana bahati nalo. Xenos ni mtu usiyemjua, na ni huyohuyo uliyemkaribisha. Lugha nyingi zinahitaji maneno mawili. Sisi tunasema mgeni na tumemaliza. Kigiriki kinakwenda mbele kidogo, maana hata mwenyeji anaweza kuitwa xenos, kwa kuwa uhusiano ni mmoja. Zeus ndiye mlinzi wake. Sheria ni kwamba mgeni anapewa maji ya kunawa, chakula na kinywaji, ndipo anaulizwa jina. Na akitaka kwenda, aende: Menelaus anasema ni kosa lilelile kumharakisha asiyetaka kuondoka na kumzuia anayetaka.

Ukishika hilo, vita vyenyewe vinaeleweka. Paris alikuwa mgeni wa Menelaus alipomchukua Helen. Kosa lake linazidi uzinzi. Jitu la jicho moja, Polyphemus, linavunja kila sehemu ya sheria: linauliza majina kwanza, halafu linawala wageni, na zawadi ya ugeni linayomtolea Odysseus ni kwamba atamla wa mwisho. Wanaume 108 wanaomposa Penelope ni wageni waliokula mali ya mwenyeji asiyekuwepo. Na katika kitabu cha 6 cha Iliadi, Diomedes na Glaucus, maadui katikati ya uwanja wa vita, wanagundua kwamba babu zao waliwahi kukaribishana. Wanashuka kwenye magari yao, wanashikana mikono, wanabadilishana silaha.

Hata ghadhabu ya mstari wa kwanza inazimwa na xenia. Achilles amemuua Hector, mwana wa mfalme wa Troy, kulipiza kisasi cha Patroclus, na kwa siku nyingi ameuburuza mwili wake. Usiku mmoja mzee Priam, baba yake Hector, anavuka mpaka kambi ya adui, anaingia bandani mwa Achilles, anapiga magoti na kuibusu mikono iliyowaua wanawe. Anamwambia: mkumbuke baba yako. Achilles anamkumbuka Peleus, ambaye hatamwona tena, na wote wawili wanalia. Kisha anamwinua mzee kwa mkono, anaamuru mwili uoshwe, anachinja kondoo, wanakula. Anamtandikia mahali pa kulala na kumpa siku 11 za amani kwa mazishi.

Mstari wa mwisho wa Iliadi unasema kwamba hivyo ndivyo walivyomzika Hector, mzoeza farasi. Hippodamos, mzoeza farasi, ni sifa moja ya zile za kujaza nafasi. Watroy kwa jumla huitwa hivyo, na Diomedes pia. Kati ya maneno yote aliyokuwa nayo, mtunzi aliyeanza na ghadhabu ya Achilles alilichagua hilo liwe la mwisho, akampa adui.